Gitaa Lililowekwa Madhabahuni

Poli, Meru,
S.L.P. 94,
Arusha.
25 Agosti 1998

Mpendwa kaka Richard,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. U mzima huko Leipzig? Kifua hakijaanza tena kukusumbua? Sisi hatujambo. Mguu wa mama umepona, na kahawa iliyosalimika na mvua za Elinino tumeanza kuichuma.

Gitaa ulilonitumia vipande vipande kwenye boksi nimeshaliunga, mimi huyuhuyu uliyesema siwezi kushona hata kifungo! Mwili wake niliusugua kwa msasa wiki mbili, nikaupaka vanishi mara tano, nikauning'iniza stoo ya kahawa ukauke. Ganda moja la kahawa liliganda kwenye vanishi, nimeliacha hapohapo. Shingo ilikaa vizuri kwa skrubu nne. Nyaya alinisaidia Najim, fundi redio wa mjini, maana mbili nilikwisha kuziunguza.

Baba unamjua. Mwezi mzima alikuwa akisema gitaa la umeme ni la baa, na binti yake hatalipiga. Nililia, Richard, sikufichi. Nililitaka kwa ajili ya kwaya.

Basi nikajifanya mjanja. Jumapili ya mavuno nililiweka madhabahuni, katikati ya ndizi na mayai. Likishaombewa, baba atasema nini tena? Kumbe nimesahau mnada wa sadaka! Ibada ilipokwisha, Mzee Gidion, mzee wetu wa kanisa, akaliinua mbele ya watu wote. Nikamkimbilia kumwambia ni langu.

"Mwanangu, kilichowekwa madhabahuni hakirudi," akanijibu.

Mwenye baa mmoja wa Kisongo, aliyekuja kumtembelea shemeji yake, akataja bei. Hakuna aliyepandisha. Nikaona jasho langu linakwenda hivihivi. Ndipo baba akasimama na koti lake la Jumapili.

"Natoa mtamba," akasema.

Mtamba wake wa pekee, kaka! Mwenye baa akaketi.

Baba alilibeba mwenyewe hadi nyumbani. "Sasa ni langu," akasema. "Haya, lipige nisikie." Nikalipiga bila umeme. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka wimbo wa pili.

Mama anakusalimu sana, dada yetu Hanna na watoto wake pia. Tusalimie Marta wako. Mungu awatunze mpaka tutakapokaa tena meza moja.

Baba anaomba umtumie nyuzi za akiba. Na anasema siku nitakapolipiga kanisani, itangazwe kwanza kwamba hilo ni gitaa lake yeye, Mzee Aminieli.

Mdogo wako asiyekusahau,
Eunike