Simu Ambayo Mutwiri Hakushika

Kwa binti yangu Kagendo,
Kanyakine.

Kagendo, mko aje huko? Mguu wako uliacha kuuma? Ng'ombe wangu alizaa? Mimi kwa mwili niko mzima, lakini tangu nije huku Amerika kwa mtoto wako Mutwiri sijawahi kuogopa kama Jumapili. Naandika kwa sababu kwa simu nitalia, na Mutwiri atasikia.

Na wewe nitakugombeza. Ulisema ati amekuwa mzungu, hashiki simu ya mamake. Nyamaza kwanza usome.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Polisi wakawasha taa nyuma yetu, Mutwiri akasimamisha gari. Mimi nikafanya vile mama alinifunza: mtu wa serikali akija kwako, humngoji umekaa kama mgonjwa. Unamwendea, unamsalimia, unamuuliza kama amekunywa chai. Nikashuka na kiondo changu, nikaingiza mkono nimtolee ndizi.

Yule polisi kijana akatoa bunduki! Anapiga kelele, na mimi Kizungu chake sisikii. Nikamwambia kwa Kimeru, "Punguza sauti, mimi ni mama ya watu."

"Shosho, toa mkono polepole," Mutwiri akasema. "Usimpe kitu. Tafadhali, shosho."

Kagendo, sauti hiyo sikuijua. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, vidole vimefunguka. Hapo ndio simu ikalia mfukoni mwake. Ikanyamaza, ikalia tena. Ilikuwa ni wewe. Hakuiangalia hata. Jasho likamtiririka mpaka kwa kola ile nilipiga pasi mwenyewe.

Wakaangalia makaratasi, wakasema taa moja ya nyuma haiwaki, wakaenda. Kiondo kilikuwa kimeniponyoka, ndizi zikabaki barabarani.

Unajua vile nilikuwa namcheka. Daktari mzima wa vitabu, anafundisha chuo kikuu, kazi ni kukaa kwa kinyozi na vijana weusi na kushinda kortini akiandika vile wanashikwa na kufungwa. Nilimwambia, "Mtu hashikwi bure. Andika habari ya watu wa maana." Sasa tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Kwani hukuwaambia wewe ni profesa?"

"Hiyo hawaulizi, shosho."

Nikamwambia arudi, chuo kiko Embu hapo, afundishe akilala kwao. Akasema vijana wale hawana Embu ya kurudi.

Kesho anaenda kwa vijana hao tena. Mimi nitakaa dirishani. Nikisikia king'ora nasimama niangalie barabara.

Salimia mzee wako, na mke wa ndugu yako anayenikamulia ng'ombe. Mwambie asiongeze maji kwa maziwa, hata nikiwa huku nitajua. Pasta aniombee, na asiombe kwa haraka.

Na usimpigie Mutwiri akiwa kwa gari. Ngoja mimi nikupigie nikishamwona ameingia mlangoni. Siku akisahau mbele ya polisi, apeleke mkono mfukoni amjibu mamake… hiyo siandiki.

Ni mimi mama yako, ninayekungoja unisikie,
Nkatha