Namba Sita za Pampu ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku Mama yu hai, na hilo ulishike kwanza kabla hujasoma mengine.

Ile pampu ya insulini aliyovishwa kiunoni huongozwa na rimoti, bila waya. Siku ya kuviunganisha, nesi alinieleza kwamba kila kifaa kitaonyesha namba sita. Nizisome zote, na zikifanana ndipo nibonyeze ndiyo. Alisisitiza kuwa hewani hakuna msimamizi wa kutuambia kipi kimeshikana na kipi, ila macho yetu tu. Kisha akaitwa wodi ya pili. Kitanda cha pembeni, mama mmoja mshona nguo naye alikuwa akiunganisha yake saa ileile.

Jumapili mchana mshona nguo alijibonyezea dozi ya insulini ya kabla ya chakula. Kumbe rimoti yake ilikuwa imeshikana na pampu ya Mama! Dozi ikaingia kwa Mama, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni. Nilimwona akilowa jasho, akiniita kwa jina la marehemu shangazi, kisha macho yakamgeuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Walimtundikia dripu ya glukosi, akarudi polepole.

Nesi alisimamishwa kazi. Wote walisema hakuhakikisha. Kaka, alihakikisha. Siku ile aliporudi kutoka wodi ya pili aliniuliza, "Umezilinganisha namba?" Nikamjibu, "Ndiyo, dada, zote sita."

Sikuzitazama. Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu, nikabonyeza ndiyo kwenye pampu na kwenye rimoti ili yaishe.

Siku nne nilinyamaza. Kila mlango ukifunguliwa nilidhani wamenijia. Leo asubuhi nilimwendea mkuu wa wodi, nikasema yote. Aliandika, akanipa karatasi nisaini, akasema nitaitwa. Hakusema na nani. Nesi amerudishwa mchana huuhuu. Alinipita kama anapita nguzo, akaenda kumpima Mama.

Mama anawaambia wagonjwa wenzake kwamba bila mimi angekufa. Namsikia, nageukia ukutani. Siwezi kumwambia peke yangu. Nakuomba uje.

Nisalimie wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mdogo wako, anayekuogopa na kukuhitaji,

Kitinda