Bibo Halitunguliwi

Mdogo wangu Rehema,

Salamu kutoka Mtwara, ninakokula mabibo hadi shati limeingia madoa. Leo nilikuwa Madimba, kwenye shamba la mikorosho la Bi Somoe, nikibishana na mgeni ninayemtafsiria, Mkanada aliyewahi kulipwa kwa kurusha mpira wa besiboli. Nilimwambia, kama ninavyokuambia wewe kuhusu binti yako, ule ni mchezo, si kazi. Badala ya kunijibu akaokota jiwe, akalenga bibo la juu kabisa. Bi Somoe akamshika mkono.

"Weka chini, baba. Bibo tunangoja lianguke lenyewe. Ukilitungua, korosho yake inakuwa changa."

Nikamtafsiria. Akacheka, kisha akajishika bega. Aliniambia klabu yake ilimrushisha kila siku angali kinda, na bega likafa kabla hajafika miaka thelathini.

"Mimi walinitungua," akasema.

"Basi okota kwa mkono wa kushoto," Bi Somoe akamjibu, akampa kikapu.

Mtu aliyeharibiwa bega na kazi yake siwezi kumwambia hakuwa na kazi. Kwa hiyo katika ubishi wetu umenishinda, na nalisema hili mara moja tu: Neema aendelee na mpira wa pete. Ila kocha anayetaka mtoto aache shule amngoje amalize, la sivyo nakuja kubishana naye mwenyewe.

Nakuletea korosho, zote za kuokota.

Kaka yako akupendaye,
Mussa