Tonge Ulilolimeza kwa Adabu

Mpendwa dada,

Assalamu alaykum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba mama ni mzima, nami ni mzima, na kwamba ghadhabu niliyonayo juu yako haijapungua tangu Jumatano ulipokata simu. Uliandika mwishoni mwa barua yako, "Waambie wote wa nyumbani, nimechoka kuficha." Nimekutii. Barua hii naiandika wazi, na kabla ya kuitia posta nitaisoma kwa sauti uani kwetu hapa Msambweni, mbele ya mama na shangazi zetu, asiwepo wa kudai kwamba hakusikia.

Kwa faida ya wasikilizaji naeleza jambo lenyewe. Miaka mitatu iliyopita, huko Ujerumani ulikoolewa, ulipasuliwa ili upungue uzito. Daktari alilibana tumbo lako kwa safu ya pini za chuma, akaacha sehemu ndogo ya juu ipokee chakula, isiyozidi kikombe cha kahawa, na chini yake akazungusha mkanda ili chakula kipite polepole. Sisi hukutuambia. Sasa pini zimeachia upande mmoja, uzito unarudi, na juu ya hayo mkanda umekaza hata uji mzito unakurudi. Daktari yuleyule amesema kosa ni lako, kwa kuwa ulikula kupita kiasi ulipokuja likizo, na kwamba atakupasua tena abane upya. Nawe umesema, haya.

Dada, hilo "haya" ndilo linaloniwasha.

Naikumbuka likizo hiyo. Sisi tuliokuwa tumemuaga mwanamke mnene, aliyepanda ngazi za dobi la hoteli kule Diani, alikofua nguo za wageni, huku ameshika magoti, tulimpokea mtu ambaye gauni lilimning'inia kama limeanikwa. Hukutoa maelezo. Siku ya pili tu, jirani zetu walikwisha kutoa ya kwao. Wewe wajua katika miaka hii yetu mtu akitoka safari amekonda husemwa nini, na kwa sauti gani. Mama alisikia kisimani. Alirudi bila maji, akaagiza mchele na mbuzi.

Karamu ile, dada, haikuwa karamu. Ilikuwa ni utetezi. Tulikusudia ule mbele ya watu, ushibe mbele ya watu, ili wenye midomo waifunge. Kila mkubwa alikulisha tonge kwa mkono wake, kama ada yetu ilivyo, na tonge la mkono wa mkubwa halikataliwi. Mama alikulisha. Shangazi wawili walikulisha. Kisha nami, mdogo wako, karani wa barua za watu, niliye na umri wa kutosha kuona jasho kwenye paji la uso wako, nikafinyanga tonge kubwa kuliko yote nikasema, "La karani hili, usiniaibishe." Ukalimeza. Ukainuka polepole, ukaenda nyuma ya jiko, tukakusikia.

Shangazi mkubwa akapiga kigelegele. "Mimba hiyo! Nani alisema mgonjwa? Mjukuu wa Kizungu huyo yuaja!"

"Na miaka yake arubaini na mbili?" akauliza mdogo wake.

"Wewe nyamaza! Huko kuna dawa za kila kitu."

Nawe ukarudi umefuta kinywa, ukacheka pamoja nasi, ukapokea tonge jingine. Wiki tatu uliendelea hivyo. Nakiri mbele ya wote kwamba nilikulisha kwa nguvu, na kwamba sikukuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo barua yako ilipofika nilipanda gari hadi posta ya Ukunda kukupigia simu, nikiwa nimeyaandika maswali yangu kwa utaratibu. Majibu yako nayakariri hapa kama ulivyoyatamka.

Nilikuuliza, "Umemwuliza daktari kwa nini pini zimeachia?"

"Nimwulize nini, bwana karani? Yeye ndiye daktari. Mimi ndiye niliyekula."

"Ametaja njia nyingine?"

"Ametaja tarehe."

"Na yule daktari wa mji wa pili, ambaye shemeji alikuandikia jina lake kwenye karatasi?"

"Karatasi iko ndani ya mtoto wa meza. Nikienda kwa mwingine nitamvunjia heshima huyu wa kwanza."

Nikapaza sauti, watu wote wa posta wakageuka. Ukasema, "Nisalimie mama," ukakata.

Heshima! Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo. Adabu ile iliyokufanya umeze tonge langu huku tumbo likikataa, ndiyo hiyo inayokufanya ummezee daktari hukumu yake. Mimi nakula kwa kuandika malalamiko ya watu. Kwa miaka ishirini nimewaandikia waliohukumiwa na chifu, na jambo la kwanza ninalowafundisha ni hili: rufaa haipelekwi kwa aliyetoa hukumu. Hilo si tusi kwa chifu. Ndiyo maana kuna Kwale, kwa mkuu wa wilaya.

Sikuridhika na ghadhabu yangu peke yake, nikaenda kumwona Bwana Mutua. Mama humwita "daktari wa bara": ni klinikal ofisa mstaafu, mganga wa zahanati, anayelima katika mashamba ya makazi, na wewe humjui. Alikuwa akipukuchua mahindi. Nilimsomea barua yako, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha bara:

"Kwanza wachana na hiyo maneno ya pilau. Pini inaweza kuachia yenyewe tu. Inaweza kuwa kula, inaweza kuwa ni vile zilipigwa, inaweza kuwa huo mkanda unasukuma. Nani ameangalia?"

"Yule yule wa kwanza."

"Ameangalia na nini? Amepiga picha akimeza ile dawa nyeupe? Amepitisha ule mpira wa taa kwa mdomo aone ndani?"

Nikamwambia kwamba hayo hukuuliza. Akaniambia kwamba kubana upya ni njia moja tu. Ipo ya kuunganisha utumbo upya, chakula kipitie kwingine, nayo ni kazi kubwa zaidi. Ipo ya kufungua kila kitu na kulirudisha tumbo karibu na lilivyokuwa, mgonjwa akakubali uzito wake. Nikamwuliza ipi ni bora.

"Mzee, mimi nilikuwa natibu malaria," alisema. "Mimi sijui. Lakini mtu akikwambia iko njia moja na hajakuonyesha picha, tafuta mwingine. Na asikae sana. Mtu anatapika hivyo anaisha nguvu."

Basi na mimi sisemi najua. Sikuelekezi uchague hii au ile. Nakulaumu kwa kukubali kisu kama adhabu.

Tena nakulaumu wewe hasa, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kinyume chake. Umesahau? Nilikuwa na umri wa miaka saba, wewe kumi na mitatu, na baba alikuwa ameshafariki. Ulinipeleka shule kuandikishwa. Mwalimu mkuu akaniamuru nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto. Vidole vyangu vilikomea kwenye nywele. Akasema, "Bado mdogo. Mwakani." Mimi nikalia. Wewe ukamshukuru kwa adabu zote, ukanishika mkono, ukanipitisha njia ambayo haikuwa ya nyumbani.

"Twaenda wapi, dada?"

"Kwa mwalimu mwingine akuangalie."

Tulikwenda kwa miguu hadi shule ya kijiji cha tatu. Mwalimu wa pale alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunigusa mkono. Akasema, "Fungua kinywa." Akatazama mapengo yangu na meno mapya yaliyokuwa yakichomoza, akachukua kalamu. "Huyu ametimia," akasema. "Mkono utamfuata."

Ukaniambia tukiwa mlangoni, "Umemsikia? Sasa kifunge, usije ukameza nzi."

Nilisoma miaka minne tu, kisha karo ikanishinda. Yaliyobaki nimejifunza katika magazeti ya wageni uliyokuwa ukiniletea kutoka dobini. Lakini kila herufi ya barua hii imetoka katika mlango wa yule mwalimu wa pili. Huyo wa kwanza hukumvunjia heshima yoyote. Nadhani hata hakujua.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili. Nimemwandikia daktari wako, kwa lugha ya unyenyekevu isiyoweza kumwudhi mtu, nikiomba kwa niaba yako kumbukumbu za upasuaji wa kwanza pamoja na picha zote za eksirei, na kwamba tarehe isogezwe hadi mwenzake wa mji wa pili atakapokuangalia, wiki ileile utakayoipata barua hii. Utaifasiri mwenyewe. Chini nimeacha nafasi. Nimewawekea wengi dole gumba kwenye wino, lakini sahihi yako siwezi kuitia mimi.

Baada ya kusoma: nimewasomea kama nilivyoahidi. Mama aliinuka katikati, nikadhani amekasirika. Alirudi na kikombe kimoja cha kahawa, kile chenye mstari wa bluu, amekisugua kwa jivu. Amekiweka juu ya kabati peke yake, na amekataza mtu yeyote kukinywea.

"Mwandikie," amesema. "Mwambie ndilo sinia lake."

Tia sahihi, dada. Kisha fungua ule mtoto wa meza.

Wasalaam,
ndugu yako mdogo, ambaye mkono ulimfuata