Punda Alisema au Hakusema

Jumapili, 3 Machi

Leo mume wangu katupa jiwe gizani. Yowe bado halijasikika, ila nimeziona sura. Limempata mtu.

Somo lilikuwa lile la nabii aliyempiga punda wake mara tatu, mpaka punda akafungua mdomo akamuuliza, nimekukosea nini? Kila mwaka linasomwa, watoto wanacheka, tunaenda kula. Leo Mchungaji kafunga Kitabu, kavua miwani — nikajua! Akivua miwani ana jambo — akasema: ndugu zangu, kama punda alisema kwa mdomo au hakusema, mimi sijui, na wala si hoja. Hizi ni hadithi za kutufunza. Tusing'ang'anie mdomo wa punda tukaacha alichokisema.

Kimya. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, yule daktari wa mifugo, akaacha kujipepea.

Mlangoni, ambako kila Jumapili tunashikwa mikono mpaka vidole vinauma, leo watu walitupita kama maji ya mfereji. Wengine walikumbuka ghafla wameacha jiko linawaka.

Mezani Mchungaji kala vizuri, kaongeza. Umeonaje? Nikamwambia walisikiliza. Eh, akasema, umeona? Hata mtoto mchanga hakulia! Kafurahi kweli. Mume wangu hajui kutofautisha kimya cha kusikiliza na kimya cha maziwa kabla hayajafurika.

Jumatatu, 4 Machi

Yamefurika.

Wanakwaya walikuja kupimwa majoho mapya. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, na mshonaji akiwa na pini mdomoni watu husahau kuwa ana masikio. Hata kama ni mke wa mtu wanayemsema.

Yule tunayemwita Sauti Nyembamba alianza: kama punda hakusema, basi na bahari haikugawanyika, na sisi tunamwimbia nani? Mke wa muuza nyama akamjibu, mbona mume wangu anasema kila siku na hakuna anayeita muujiza? Wakacheka hadi mmoja akachomwa na pini. Sikukusudia. Sana.

Kumbe makundi yameshagawanyika. Wapo Kanena na wapo Kanyamaza. Mpiga kinanda ni Kanyamaza. Mlinzi wa geti ni Kanena, na leo asubuhi kachelewa kumfungulia mpiga kinanda geti.

Mimi? Mimi ni Kanena. Sikuona ugumu wake hata siku moja. Aliyeweza kumuumba punda mzima atashindwa na ulimi? Lakini hakuna aliyeniuliza. Mama Mchungaji haulizwi anaamini nini, anaulizwa joho litakuwa tayari lini.

Jumatano, 6 Machi

Makofi! Kwenye uwanja wa kanisa, baada ya kipindi cha kujifunza Neno.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyechokoza. Alimuuliza Mwenyekiti, mbele za watu: Daktari, umeangalia meno ya punda wangapi tangu uanze kazi? Kuna hata mmoja aliyekuamkia?

Mwenyekiti akampiga kofi. Paa! Mwalimu wa kwaya, ambaye jioni nzima alikuwa anatufafanulia kuwa tushike mafunzo na si maneno, akakumbuka mafunzo yote isipokuwa lile la shavu la pili. Kamrudishia. Na Mwenyekiti, anayeshika kila nukta kama ilivyoandikwa, hakugeuza shavu la pili wala la kwanza, alivua koti. Hapo andiko likawa fumbo ghafla kwa wote wawili.

Mchungaji aliingia kati kuamua, akapoteza kifungo. Nimekishona.

Anasema ni hasira tu, zitapoa. Nikasema, hewaa.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenyekiti kaja mwenyewe. Shavu limevimba bado. Nilileta chai, nikarudi jikoni, nikaacha mlango nusu.

Alikuwa mpole mno. Sisi hatuna ugomvi na wewe, Mchungaji. Jumapili ya tarehe kumi na saba simama pale mbele, sema kila neno lilitokea kama lilivyoandikwa. Basi. Yanaisha.

"Na nisiposema?"

Mwenyekiti akatazama dari. "Nyumba hii nzuri," akasema. "Ina hewa."

Nyumba ni ya kanisa. Dari ni la kanisa. Hewa nayo sijui.

Alipoondoka nikatoa vikombe. Mchungaji alikuwa amekaa anatazama mikono yake. Nilikusudia kumwambia pole. Nakiri mdomo ulitangulia.

"Na yule bibi?"

"Bibi yupi?"

"Bibi wa miaka tisini. Aliyezaa."

Nimeandika hapa nikapumzika kidogo.

Mwaka huu natimiza arobaini na sita. Hatuna mtoto. Kila tuliporudi hospitali na majibu yaleyale, alikuwa ananikalisha kitandani, anafungua Kitabu, ananisomea habari za yule bibi kizee aliyeambiwa atazaa, akacheka ndani ya hema, na akazaa. Polepole, kwa sauti ile ya chini. Sikuwahi kumwambia kama nilikuwa naishi kwa ukurasa ule mmoja. Nilidhani anajua. Nilidhani tunaishi wote wawili.

"Naye ni hadithi ya kutufunza?" nikamuuliza.

Akavua miwani. "Ile… ile ni tofauti, mke wangu."

"Tofauti vipi?"

"Ile ilikuwa ya kukufariji."

Kunifariji! Kumbe miaka yote nilikuwa napewa dawa ya kutuliza maumivu, nami nikadhani niko kwenye tiba.

Nikaenda kuosha vikombe. Nilikiosha cha Mwenyekiti mara mbili.

Jumapili, 10 Machi

Kanisa limejaa hadi kwenye ngazi. Hata wasiokanyaga tangu wabatizwe wamekuja kusikia habari za punda. Mchungaji akahubiri kuhusu kumpenda jirani. Waliondoka wamenuna kama watu walionyimwa nauli.

Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa nahesabu wanaoniita Mama. Shikamoo Mama. Mama Mchungaji, mtoto huyu umwombee. Mama, pokea. Wenzangu wameitwa mama kwa jina la mtoto, mimi kwa kazi ya mume. Mama wa cheo. Jina hilo nalo silisomi kama lilivyoandikwa.

Hatujazungumza tangu Ijumaa, ila pitisha chumvi.

Jumanne, 12 Machi

Mama mkwe ameshuka na mizigo yake yote. Habari zimemfikia. Kabla hajakaa: "Punda alisema! Sema alisema, mwanangu, mle, mlale. Punda mwenyewe hajali."

Mchungaji akamweleza habari ya dhamiri. Mama mkwe akamsikiliza, akamwambia yeye alimzaa kwa uchungu wa kweli, si wa mafumbo, na hakumsomesha aje kufukuzwa nyumba kwa ajili ya mnyama.

Nilicheka. Siku nyingi sijacheka. Akanigeukia.

"Wewe unacheka. Mwambie mumeo."

Mama mkwe anajua aya chache, na anayoishika kwa neno ni moja tu: zaeni, mkaongezeke. Hiyo hana fumbo nayo. Ananisalimia nayo. Leo hakuisema, aliitazama tu, hapa, usawa wa tumbo, kisha akaomba chai.

Nilimpikia. Kwa nini nisimpikie? Angalau huyu najua anaamini nini.

Alhamisi, 14 Machi

Nimesikia.

Nilikuwa napita na nguo za kupiga pasi. Mlango wa chumbani umerudishwa. Mchungaji yuko mbele ya kioo, anafanya mazoezi.

"Wapendwa, naamini kwa moyo wote kwamba kila neno lilitokea kama lilivyoandikwa."

Mara ya kwanza ilikuwa mbaya, kama mtu anayesoma tangazo. Akarudia. Akapunguza mwendo. Mara ya tatu akaishusha sauti, polepole, chini, yenye joto — nami nguo zikaniponyoka.

Sauti ileile! Sauti ya kitandani. Ya baada ya hospitali.

Nikaokota nguo moja moja. Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni, nini hicho? Nikasema nguo, mama. Akasema, mbona kama mtu ameanguka?

Jumamosi, 16 Machi

Nimevunja kimya mimi. Yeye angeweza kukaa hivyo hadi parapanda.

Mama mkwe alikuwa amelala mchana. Mchungaji alikuwa nyuma ya nyumba, anasugua viatu vya kesho.

"Usiseme," nikamwambia.

"Nisiseme nini?"

"Kesho. Usiseme unaamini."

Akabaki na kiatu mkononi. "Wewe! Wewe si ndiye unayeamini punda alisema?"

"Naamini."

"Basi si ufurahi nikisema?"

"Ningefurahi ungekuwa unaamini. Huamini. Na unasema vizuri mno. Nimekusikia juzi."

Nikamwambia yote, jinsi sauti ile ilivyonipitia mwilini. Nikamwambia nyumba tutapata, hata chumba kimoja, cherehani haihitaji dari la kanisa. Lakini akisimama kesho akasema kwa sauti ile, mbele ya watu wote, jambo asiloliamini, basi mimi nitalazimika kurudi nyuma, jioni moja baada ya nyingine, nikijiuliza ni lini alikuwa ananisomea na lini alikuwa anafanya mazoezi.

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila pini mdomoni.

Alisugua kiatu. Kilikuwa kimeshang'aa, akaendelea tu. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Sikuwa nakudanganya. Sikuamini, ni kweli. Ila nilitamani. Nilipokuwa nakusomea nilitamani iwe kweli kuliko wewe ulivyoamini."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuja na hasira iliyopigwa pasi, imenyooka, sasa sijui niiweke wapi.

Nikamuuliza kesho atasema nini basi. Akasema hajui. Mtu wa mahubiri, hajui!

Niliingia ndani. Baadaye nimekuta ameving'arisha na vyangu.

Jumapili, 17 Machi

Naandikia kanisani, kiti cha mbele. Wanadhani naandika mahubiri. Sauti Nyembamba kanitazama kwa heshima, katoa na yeye kalamu.

Kumejaa. Kanena wamekaa kulia, Kanyamaza kushoto, katikati kuna njia, pana kama ile ya baharini. Mama mkwe kakaa Kanena, waziwazi, kajifunga kitambaa chake kizuri. Mwenyekiti yuko nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Shavu limepona.

Kwaya imemaliza. Majoho yamewakaa vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo tu.

Anapanda. Miwani anayo machoni. Kafungua Kitabu — si pale pa punda. Ni mwanzo mwanzo. Najua ukurasa, najua na unene wa karatasi zilizo kushoto kwake.

Anasoma habari za yule bibi. Anapasoma pale pa hema. Pale pa kucheka. Hasomi kwa sauti ile. Anasoma kama mtu anayeogopa kujikwaa. Kakosea neno, karudia. Hajawahi kukosea neno hapo.

Amefunga. Amevua miwani. Mwenyekiti nyuma yangu amesema, kwa chini, aa.

Anasema: mmeniuliza kama ninaamini. Nimelifikiria. Jibu langu ni kwamba natamani. Kila siku natamani yawe yametokea kama yalivyoandikwa, kuliko mnavyojua. Na kuna mtu katika nyumba hii nilimsomea haya nikamfanya adhani kutamani kwangu ni imani. Ndugu zangu, hilo ndilo ninaloweza kusema kwa ukweli.

Kamaliza.

Sasa kushoto wamesema Amina. Kulia nao wamesema Amina, kwa nguvu zaidi! Wametazamana, kila upande unashangaa mwenzake anaitikia nini. Mama mkwe amenyanyua mikono juu, anashukuru, mwanawe kasema punda alisema. Mwalimu wa kwaya naye anapiga makofi, mchungaji kashinda. Mpiga kinanda hajui apige wimbo gani, kashika noti moja hajaiachia.

Mwenyekiti ananigusa bega. Anainama, harufu ya dawa ya mifugo na marashi.

"Mama Mchungaji, samahani. Hebu tusaidie. Amesema anaamini, au amesema haamini?"

Wazee wote wameinama nyuma yake wanangoja. Sauti Nyembamba kasimamisha kalamu. Ni mara ya kwanza katika kanisa hili kuulizwa jambo lisilo la vipimo.

Nyumba iko kwenye ulimi wangu, na dari lake. Nikiyachukua maneno yake kama yalivyo, hajasema anaamini. Nikichukua alichomaanisha — lakini alimaanisha nini? Natamani. Neno dogo hivyo. Kwa watu hawa linatosha nikilisogeza kidogo tu.

Nimemtazama. Hajashuka. Miwani iko mkononi, bila miwani hanioni vizuri, najua, kwake mimi sasa ni rangi ya gauni tu. Lakini kageukia huku, kakunja macho, na yeye anangoja nitakachosema.

"Mama?" anauliza Mwenyekiti.