Disketi za Bunda

Musoma, mwishoni mwa masika

Ndugu yangu Magesa,

Sijawahi kumwandikia mtu ambaye sina anwani yake. Leo naandika kwa sababu jambo lililotokea nyumbani kwako Bunda sijaweza kumweleza mtu yeyote aliye hai, na wewe ndiwe uliyenifundisha kulielewa.

Nianze na ofisi. Tangu tulipokuzika kijijini kwenu Kiriba, tawi letu la chuo kikuu halijapata mkuu mwingine wa Kitengo cha Kompyuta. Mimi, msajili mwenye mvi, ndiye ninayekaimu. Kanuni zako nimezilinda. Hakuna anayeingia chumba cha mashine na kinywaji, na hakuna anayetumia neno la siri la mwenzake, hata kama mwenzake ni mkewe. Unakumbuka ulivyomzuia Mkuu wa Tawi mlangoni, kikombe mkononi? "Mkuu, wewe karibu sana. Chai ibaki nje." Alicheka, akakiacha kikombe dirishani. Mimi nilikuona huna adabu. Baadaye nilielewa kwamba adabu yako ilikuwa kwa wanafunzi ambao alama zao zilikuwa mle ndani.

Mpango wako wa kuziendesha na kuzilinda kompyuta za chuo uliuandika miaka ile ya sabuni kwa foleni na petroli kwa kibali. Wengi waliuona ndoto. Ulitaka kila kumbukumbu iwe na nakala yake katika mji mwingine, kwa hiyo kila Ijumaa, ukienda kwa familia yako Bunda, ulibeba disketi katika kile kisanduku cha plastiki. Makarani walikutania stendi: "Bwana Kompyuta, leo umewabebea watoto biskuti?" Nawe ukawajibu, "Nimebeba vyeti vya watoto wenu."

Masika haya radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya chuo. Mashine iliungua, na moto ukala kabati la nakala za ofisini kabla hatujaleta mchanga. Hakuna aliyeumia. Lakini alama za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, za miaka yao yote, hazikuwapo tena Musoma. Mkuu wa Tawi alisema mbele ya Baraza kwamba nakala za Bunda zikisomeka, Kitengo kitaendelea; zisiposomeka, tutarudi kwenye majalada na mpango wako utawekwa kando. Nilijibu kwamba zitasomeka. Nilijibu kwa jina lako.

Kesho yake nilipanda basi. Barabara ile ungeishangaa sasa. Kuanzia Makutano hadi Bunda kuna vibanda vya mitumba, betri, sabuni za kila rangi, na redio zilizopitia mpakani Sirari. Vitu tulivyovitafuta kwa kujuana vinauzwa juu ya turubai.

Mkeo, Mama Nyangeta, alinipokea kwa heshima zake zile zile, akaniwekea chai ya maziwa. Nikauliza habari za kisanduku. Alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

"Mzee, si kile pale?"

Kaka yake amemletea redio kubwa yenye spika mbili, kila moja karibu ukubwa wa debe. Juu ya spika moja imesimama picha yako. Juu ya nyingine kilikuwapo kisanduku, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

"Alikuwaga anakificha kabatini chini, pamoja na viatu," alisema. "Mimi nikasema hapana. Kazi ya mume wangu ikae na viatu? Mgeni akiingia, aione kwanza."

Magesa, redio ilikuwa inapiga kwaya. Kisanduku kilikuwa kinatetemeka kidogo.

Wewe ndiwe uliyeitoa redio ya karani katika chumba cha mashine. Ulitueleza kwamba nyuma ya kila spika kuna sumaku, na kwamba sumaku huifuta disketi kama kifutio kinavyofuta ubao, isipokuwa hapa hata vumbi la chaki halibaki. Nilikitazama kisanduku, nikajua. Nilikunywa chai ile mpaka mwisho. Nikamshukuru mkeo kwa kukitunza, na sikusema uongo, kwa maana alikitunza kuliko sisi.

Musoma tulizijaribu kwenye mashine ya kuazima, moja baada ya nyingine. Zote tupu.

Barazani mhadhiri mmoja alisema, "Kumbe Magesa alikuwa anabeba biskuti kweli." Wengine walicheka. Nilikaa na kalamu mkononi, sijui niandike nini katika taarifa. Nikiitaja redio, habari ingefika Bunda kabla yangu, na yule mama angejiona amekuzika mara ya pili kwa mikono yake. Nikinyamaza, wangesema mpango wako ulikuwa mchezo. Na mimi, unanijua, sijawahi kutia saini maandishi ya uongo.

Niliandika hivi: nakala ziliharibiwa na sumaku baada ya mkuu wa Kitengo kufariki, kwa sababu ofisi haikwenda kuzichukua. Mpango haukushindwa, ofisi ndiyo iliyoacha kuufuata.

"Sumaku ya nani?" aliuliza yule yule.

"Ya ofisi iliyolala, Daktari. Kaa chini."

Akakaa.

Walimu wameleta karatasi zao za alama, nyingine kutoka masandukuni, nyingine chini ya magodoro, na tunaziandika upya. Wapo wanafunzi wachache ambao mwalimu wao amehama na karatasi zake hazionekani. Hao watarudia mtihani. Mmoja aliniuliza, "Mzee, nirudie kwa kosa la nani?" Nilimwambia kosa ni letu. Hakuridhika, wala sikumlaumu. Kitengo kimebaki. Nakala zinakwenda tena Bunda, katika kabati la chuma la chumba tulichopanga, na kila mwezi zinafunguliwa na kusomwa.

Mama Nyangeta aliomba arudishiwe kisanduku. Nimekirudisha pamoja na disketi zake. Ameuliza kama zilisaidia. Nilimwambia kwamba bila mpango wa mumewe Kitengo kisingekuwapo leo. Hilo pia ni kweli.

Linalobaki ni binti yako Nyangeta. Yupo kidato cha tatu na anasema atasomea kompyuta kama baba. Aliniuliza, "Babu, humo ndani baba alikuwa anaandika nini?" Nikamjibu: majina ya watu, na kile walichostahili. Aliniangalia sana. Ana macho yako ya kukagua.

Nimemuuliza mwalimu wake wa fizikia. Muhula ujao wanaanza somo la sumaku. Mtoto yule atarudi nyumbani, ataitazama spika, ataelewa, na mama yake atakuwa jikoni.

Nakuahidi, Magesa: wiki hiyo nitakuwa Bunda. Nitamngoja kwenye njia ya shule, nimweleze yote bila kumficha neno, na nimwombe alibebe jambo hili pamoja nami. Ni zito kwa umri wake. Lakini ni mwanao, na ulimlea kujua kwamba si kila linalojulikana hutolewa nje.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Mlango wa chumba cha mashine nimeufunga.

Wako,
Msajili