Kobe Aliyetuachia Baba

Annan, Tainan
Tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada Chiung-hua,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanao huko Buenos Aires. Kifua chako kinaendeleaje? Maji ya barafu yaache, nakujua. Sisi hapa tu wazima. Mwanangu An-le ametimiza mwezi na nusu, ananyonya mpaka ananiumiza, na paji lake la uso ni la Baba kabisa.

Nimeanza na mazuri, Dada, kwa sababu lililobaki ni zito. Jiwe, yule kobe wa Baba, amekufa.

Unakumbuka Baba alimnunua nilipomwambia nina mimba. Alikuwa mdogo, anaenea kwenye kikombe cha chai. Baba akasema, "Huyu na mjukuu wangu watakua pamoja. Mimi nikiondoka, yeye atabaki kumchunga." Kila asubuhi alimpandisha juu ya paa akaote jua, akamkatia majani ya viazi vitamu, na pembeni akamwekea mfupa mweupe wa ngisi autafune, gamba lipate kuwa gumu. Sisi tulikuwa tunamcheka tu, eti amepata mtoto wa uzeeni.

Baba alipofariki nilimsindikiza na kitambaa chekundu cha kumkinga mtoto nimekifunga tumboni, na baada ya hapo ngazi zikanishinda. Bo-hsun, mume wangu, akaliweka sanduku la Jiwe dirishani. Tuliona jua linampiga, tukaridhika. Kumbe jua la kupita kwenye kioo halimjengi kobe mifupa. Hilo tumelijua juzijuzi kwa daktari wa wanyama.

Kisha nikajifungua, Mama mkwe akaja kunitunza mwezi wangu wa uzazi. Unamjua alivyo. Madirisha yakafungwa, mapazia yakashushwa, mimi nikavishwa kofia ya sufu, nikalishwa kuku wa tangawizi na mafuta ya ufuta asubuhi mpaka jioni. Akamwona Jiwe kajikunyata, akamwonea huruma. "Na huyu naye mchanga. Upepo utamwingia mifupani." Basi akamweka ndani pamoja nasi, Dada. Akamfunika kitambaa, akamlaza mbali na mwanga, akamlisha uji wa wali na tofu laini kwa kuwa hana meno. Nami nilicheka, nikaona raha, kama tuna watoto wawili chumba kimoja.

Mwezi ulipoisha tukafungua mapazia. Jiwe alikuwa anaburuta miguu ya nyuma. Nilipomshika, gamba likabonyea chini ya kidole changu kama ganda la chungwa.

Daktari alimchoma sindano, akatupa dawa ya mifupa, akasema arudishwe juani, ila hakutuahidi kitu. Mama mkwe akaenda mwenyewe kwa wauza samaki, akarudi na mfuko mzima wa mifupa ya ngisi, akawa anaikwangua unga juu ya majani. Akakaa naye juani, yeye ambaye hata kwenda dukani lazima abebe mwavuli. Jiwe hakuweza kutafuna. Taya lake lilikuwa laini nalo. Asubuhi moja hakufumbua macho.

Tumemzika kwenye chungu cha mpera wa Baba. Nimelia kama Baba amekufa tena, Dada, na safari hii sikuwa na mimba ya kuniambia nijizuie. Mama mkwe alisema neno moja tu: "Mimi nilidhani namtunza." Nikampa An-le ampakate.

Tangu hapo, kila asubuhi namsikia Mama mkwe akipanda ngazi za paani na mtoto, polepole, akimwimbia. Hakuna aliyemtuma.

Mifupa ya ngisi iliyobaki sijaitupa. An-le akianza kutembea tutatafuta kobe mwingine, na wa safari hii nitampandisha juu mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na Kai-lin na mdogo wake. Mizimu ya wazee wetu iwalinde huko mliko, na mwaka huu ituonyeshe nyuso zenu.

Neno la mwisho, Dada. Ukipiga simu, nakuomba usimuulize Mama mkwe habari za kobe. Muulize tu kama An-le ameota jua leo.

Mdogo wako asiyekusahau,
Hsin-mei